GIMP 3.0: filta haigandi tena kwenye picha. Mwongozo kamili, kutoka kusakinisha hadi bango la A3 kuchapwa

Kwa miaka mingi mtumiaji wa GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha, alikuwa na desturi moja: kabla hajagusa Curves (mstari wa kurekebisha mwanga) wala kuweka kivuli, anarudufu leya, yaani tabaka la picha, kwanza. Hakuwa na namna. Ukishabofya OK, filta iliingia kwenye pikseli ikaganda humo, na ukigundua saa mbili baadaye kwamba umezidisha, ilibidi utengue kila ulichofanya tangu pale au uanze upya. Toleo la 3.0, lililotoka tarehe 16 Machi 2025, limeondoa adha hiyo. Filta sasa inabaki hai juu ya leya: unaizima, unaifungua tena, unabadilisha namba, unaifuta, na picha ya chini haijaguswa.

Kati ya 2.10, iliyotoka Aprili 2018, na toleo hili imepita karibu miaka saba. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye kazi isiyoonekana, yaani kuhamisha programu nzima kutoka GTK2 kwenda GTK3, maktaba inayochora madirisha na vitufe vyake. Orodha ya mabadiliko ni ndefu, lakini mengi hayatakuhusu siku ya kwanza. Hapa tunafuata kazi moja tu, bango la A3 la duka la vitenge, na kila kipengele kipya kinaingia pale kinapohitajika. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usitafute.

Kabla ya kusakinisha

Pakua kutoka gimp.org, si kwenye tovuti za kukusanya programu za bure. Kwenye Windows unahitaji Windows 10 au zaidi, kwenye Mac unahitaji macOS 11 au zaidi. Wa Linux wanaweza kuchukua AppImage, au kuandika:

flatpak install flathub org.gimp.GIMP

Fanya mambo mawili kwanza. Nakili faili zako muhimu za XCF (faili za kazi za GIMP, zenye leya zote) kwenye folda nyingine, kwa sababu faili lenye filta hai likishahifadhiwa na 3.0 halifunguki kwenye 2.10. Kisha andika orodha ya plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, unazozitegemea. Zile za Python zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazitafanya kazi kabisa: zilitumia Python 2, na 3.0 inataka Python 3 na namna mpya ya kuzungumza na programu. Kazi yako ikisimama juu ya plagini moja ya zamani, tafuta kwanza kama imeshatolewa upya. G'MIC, plagini yenye mkusanyiko mkubwa wa filta, kwa mfano, ipo kwa ajili ya 3.0.

Programu ikifunguka mara ya kwanza inachelewa, hasa kama kompyuta ina fonti mamia. Iache imalize. Dirisha la kukaribisha lina ukurasa wa Personalize: hapo unachagua rangi ya mandhari, ukubwa wa aikoni na lugha. Kwa kurekebisha picha chagua kijivu. Mandhari nyeusi inapendeza, ila inakudanganya. Picha inaonekana ina mwanga mwingi kuliko iliyonao, na ikichapwa inatoka imefifia gizani.

Halafu nenda Edit, Preferences, System Resources. Angalia Tile cache size. Hii ndiyo RAM ambayo GIMP inaruhusiwa kutumia kabla ya kuanza kuandika kwenye diski. Kompyuta ya GB 8 ipe GB 4. Ukiipa zote, mfumo wenyewe unakosa pumzi na kila kitu kinakwama, si GIMP peke yake.

Kufungua ukurasa wa bango

A3 ni milimita 297 kwa 420. Mchapaji atakata ukingo, kwa hiyo ongeza milimita 3 kila upande: 303 kwa 426.

1. File, New. Badilisha kizio kuwa milimita, andika 303 na 426.
2. Fungua Advanced Options. X resolution na Y resolution weka 300.
3. Precision acha 8-bit integer.

Hapo unapata ukurasa wa pikseli takriban 3579 kwa 5031. Kwa biti 8, leya moja ya ukubwa huo inakula karibu MB 72 za kumbukumbu. Ukichagua 32-bit floating point inapanda hadi MB 288, leya moja hiyo, na filta hai zinahitaji nafasi yake juu ya hapo. Laptop ya GB 4 itaanza kusuasua kabla hujaandika bei ya kwanza. Biti 16 inafaa pale tu ambapo bango lina mteremko mrefu wa rangi, kama anga la jioni, ambao kwa biti 8 unaweza kuonyesha mistari.

4. Image, Guides, New Guide. Weka mstari wa wima kwenye pikseli 35, mwingine 3544. Kwa mlalo weka 35, na mwingine kwenye kimo cha ukurasa ukitoa 35. Ndani ya mistari hii ndipo bango litakapoishia baada ya kukatwa. Maandishi yasiikaribie, yaache ndani angalau milimita 10 zaidi.

Kuingiza picha

Tumia File, Open as Layers, au Ctrl+Alt+O. Ukinakili na kubandika kwa Ctrl+V, sasa kinachobandikwa kinakuwa leya mpya moja kwa moja. Ile leya inayoelea ambayo ilikuwa inawachanganya wanaoanza haipo tena njiani, ingawa anayeitaka bado ataipata kwenye menyu ya Edit.

Ukubwa wa picha uangalie mapema. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 inatosha A3. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi inafika na pikseli 1600 upande mrefu. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni sentimita 13 na nusu tu. Ukiivuta ijaze upana wa A3 inabaki na pikseli 137 hivi kwa inchi, na nyuzi za kitambaa zinageuka ukungu. Hakuna filta inayorudisha kilichopotea. Mwambie mteja aitume upya kama dokumenti.

Kuhusu kupunguza na kuzungusha, hapa wengi wanakosea. Si kila kitu kimekuwa hai. Scale, Rotate na Perspective bado zinaandika upya pikseli papo hapo. Ukipunguza picha hadi nusu, ukaghairi na kuikuza tena, umepoteza robo tatu ya pikseli zake. Kwa hiyo ile desturi ya kurudufu leya usiitupe yote: kwa kazi hizi tatu, rudufu, zima jicho la ile ya asili, kisha punguza mara moja tu.

Filta hai, hatua kwa hatua

Tuseme picha ni ya dada aliyevaa kitenge, amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake. Simu imepima mwanga wa nje, uso umeingia gizani. Hali hii ni ya kila siku kwa ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe.

1. Bofya leya ya picha yenyewe. Kama leya ina maski (kifuniko kinachoficha sehemu zake), hakikisha umebofya picha, si maski.
2. Colors, Shadows-Highlights. Shadows ipeleke 30, Highlights shusha hadi -20. Washa Split view ulinganishe kabla na baada. Ukivuka 50 kwenye Shadows, ukingo wa nywele unaanza kuwa na mwanga usio wa kweli kama taa ya duara.
3. Angalia chini ya dirisha: pana kisanduku cha Merge filter. Kiwe tupu. Kikiwa na tiki, filta inaganda kama zamani. Bofya OK.
4. Colors, Curves. Inua katikati ya mstari kidogo sana. OK.
5. Colors, Saturation, Scale 1.1, ili kitenge kiamke. OK.
6. Filters, Enhance, Sharpen (Unsharp Mask). Radius 3 na Amount 0.5 zinatosha kuanzia.

Sasa tazama kwenye kidirisha cha Layers. Pembeni mwa jina la leya kuna alama ya fx. Ibofye. Inafunguka orodha ndogo yenye filta zako nne, na iliyowekwa mwisho iko juu. Kila moja ina jicho lake la kuwasha na kuzima. Chini ya orodha kuna vitufe vya kurekebisha, kupandisha, kushusha, kuunganisha na kufuta. Bofya mara mbili Curves na mstari wako unarudi vilevile ulivyouacha, hata kama umefunga faili na kulifungua kesho, mradi umelihifadhi kama XCF.

Mpangilio una maana. Filta ya chini inafanya kazi kwanza, inayofuata inapokea matokeo yake. Sharpen ikiwa chini na Shadows-Highlights juu, chembechembe zilizonolewa ndizo zinazoangazwa, na kivuli cha shavu kinajaa mchanga. Ipandishe Sharpen iwe juu ya zote. Zamani kosa hili lilimaanisha kuanza upya. Sasa ni kitufe kimoja.

Ukitaka filta igusie sehemu tu, chagua eneo kwanza, kwa mfano uso kwa Free Select, lainisha ukingo kwa Select, Feather, pikseli 60, halafu weka filta. Inabaki ndani ya eneo hilo. Ubaya wake ni kwamba ukisahau eneo dogo limechaguliwa mahali, filta inayofuata itafanya kazi pale tu na utadhani imegoma. Kabla ya kila filta ya picha nzima, bonyeza Ctrl+Shift+A kuondoa uteuzi. Na kama eneo ulilolipa filta halikukupendeza, njia nyepesi ni kuifuta filta na kuiweka upya.

Kama una picha tatu za vitenge na unataka zote zipate rangi sawa, usiweke filta tatu. Zichague kwa kushikilia Ctrl na kubofya, ziweke kwenye kundi moja, kisha weka Saturation kwenye kundi. Leya za marekebisho kama za Photoshop, zinazobadilisha rangi za leya zote zilizo chini yake, hazipo katika 3.0, na kundi lenye filta ndilo linaloziba pengo hilo.

Brashi nayo ina jambo lake. Unaweza kupaka rangi au kufuta chunusi kwa Heal kwenye leya yenye filta, lakini kila mkupuo wa brashi GIMP inakokotoa filta zote upya. Brashi ikianza kukufuata kwa nyuma, fungua fx, zima macho yote, maliza kazi, uyawashe. Filta zilizoandikwa kwa mtindo wa kale, zikiwemo zenye neno Legacy kwenye jina, haziachi fx, hizo zinaganda.

Maandishi

Hapa ndipo wenye kazi za matangazo watakapoona faida kwanza. Katika 2.10, ukiweka kivuli kwenye maandishi unaishia na leya ya pili, au maandishi yenyewe yanageuka picha, na bei ikibadilika unaandika upya. Katika 3.0 maandishi yenye filta yanabaki maandishi.

Andika "PUNGUZO WIKI HII". Kwenye vipengele vya Text kuna Style: chagua ile ya Outlined and filled, weka rangi ya ukingo na upana wake. Kwa herufi za kimo cha sentimita 3 kwenye bango hili, upana wa pikseli 10 hadi 14 unatosha. Fonti nyembamba usiipe ukingo mnene, unakula mwili wa herufi na "e" inaziba tundu. Kisha Filters, Light and Shadow, Drop Shadow: X na Y 12, Blur radius 15, Opacity 0.5. Kivuli hakikatwi na mpaka wa leya, kwa sababu filta inajiongezea nafasi. Sasa badilisha maneno: ukingo na kivuli vinafuata herufi mpya zenyewe.

Tahadhari moja: ukiyazungusha maandishi kwa Rotate, yanageuka pikseli. Rekebisha tahajia kwanza.

Kupanga leya nyingi

Ile alama ya mnyororo ya kufunga leya pamoja imeondolewa, na wengi wanaitafuta. Badala yake, Ctrl na kubofya huchagua leya moja moja, Shift na kubofya huchagua mfululizo, kisha Move inazisogeza zote. Kama unarudia uteuzi uleule, mathalani bei zote sita, uhifadhi kwa jina kupitia Layer Sets, juu ya kidirisha cha Layers. Kesho unabofya jina tu.

Kwenye View washa Snap to Bounding Boxes na Snap to Equidistance. Ukiburuta kisanduku cha bei ya tatu, kinanasa pale ambapo nafasi kati yake na cha pili inalingana na ile iliyo kati ya cha kwanza na cha pili.

Brashi nazo zina kisanduku kipya cha Expand Layers. Kikiwa na tiki, ukipaka nje ya mpaka wa leya, leya inapanuka. Kizuri kwa michoro. Kwa bango kiache kimezimwa, la sivyo leya zinavimba bila sababu na kumbukumbu inaisha.

Kuangalia rangi za uchapaji

GIMP bado inarekebisha picha katika RGB, rangi za mwanga wa skrini. Kilichoboreshwa ni kuiona picha kama itakavyochapwa, na kutoa faili la CMYK, rangi za wino nne za uchapaji. Kwanza mpigie mchapaji, awe Kariakoo au River Road, umuulize anataka nini. Wengi wenye mashine za kidijitali wanachukua RGB na mashine inageuza yenyewe. Ukimpelekea CMYK ya profaili (maelezo ya rangi za mashine) isiyo yake unaharibu. Akikubali CMYK, mwombe faili lake la ICC, ndiyo profaili yenyewe.

1. Image, Color Management, kisha chagua Soft-proof profile, onyesha faili hilo la ICC. Linabaki ndani ya XCF.
2. View, Color Management, washa Proof Colors. Picha itapauka kidogo. Ndivyo itakavyokuwa kwenye karatasi.
3. Hapohapo washa alama ya rangi zilizo nje ya uwezo wa wino, Mark Out of Gamut Colors.

Kwa vitenge jiandae: rangi ya chungwa kali, bluu ya kifalme na kijani cha limau ndizo za kwanza kuwekewa alama. Sasa rudi kwenye fx ya picha, au ya kundi kama uliiweka huko, fungua Saturation, ishushe taratibu kutoka 1.1 kuelekea 0.9 huku ukitazama alama zikipungua. Usiisukume mpaka zote ziishe, kitambaa kitakufa. Acha vipande vidogo. Marekebisho haya ya mwisho, ukiwa umeshapanga maandishi na bei zote, ndiyo yanayofanya filta hai iwe na thamani. Kwa 2.10 ungekuwa umeshachelewa.

Kutoa faili

Hifadhi kwanza XCF kwa Ctrl+S. Chini ya dirisha la kuhifadhi GIMP inakwambia faili litahitaji toleo lipi kufunguka. Mwenzako akiwa bado na 2.10, tengeneza nakala yenye jina jingine, unganisha filta kwa kitufe cha kuunganisha ndani ya fx, hifadhi, kisha usome tena ujumbe huo.

Kwa mchapaji tumia Ctrl+Shift+E. TIFF au JPEG yenye ubora wa 95. Kama ni CMYK, weka tiki kwenye kipengele cha kutoa kwa profaili ya soft-proof kilichomo kwenye dirisha la kutoa faili. Kisipowekwa, faili linatoka RGB hata kama ulikuwa unaona rangi za CMYK kwenye skrini. Proof Colors ni miwani tu, haibadilishi picha.

Jambo moja ambalo toleo hili halijatatua ni maandishi madogo meusi. Weusi wa RGB ukigeuzwa CMYK unatengenezwa kwa wino zote nne, na karatasi ikiyumba kidogo mashineni, anwani na namba ya simu zinakuwa na kivuli cha rangi pembeni. Maandishi makubwa hayaonyeshi. Yaliyo chini ya pointi 10 yaache nje: toa bango bila hayo, lifungue ndani ya Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, andika hapo kwa weusi wa wino mmoja, utoe PDF.

Vinavyogoma mara kwa mara

Filta imewekwa, fx haionekani: ama Merge filter ilikuwa na tiki tangu kazi iliyopita, ama ulikuwa umechagua maski. Ctrl+Z, bofya picha, rudia.

Plagini haionekani kwenye menyu: katika 3.0 kila plagini lazima ikae ndani ya folda yenye jina lilelile. Faili la kolaji.py linaingia kwenye folda ya kolaji, na folda hiyo ndani ya plug-ins. Njia yake utaiona kwenye Preferences, Folders, Plug-ins. Kwenye Linux ipe pia ruhusa ya kutekelezwa kwa chmod +x. Kisha funga GIMP na kuifungua tena.

Menyu uliyoizoea imehama: bonyeza alama ya mkwaju, /, andika herufi chache za jina lake.

Kila kitu kizito ghafla: tafuta filta yenye Radius kubwa. Gaussian Blur ya 200 juu ya leya ya A3 inakokotolewa kila unapogusa kitu kilicho chini yake. Ukiwa na hakika nayo, iunganishe, na leya ile irudi kuwa nyepesi.